Filamu Nilimomuua Baba Yangu

Nilitoka chooni. Nalisema hili mapema kwa sababu wiki nzima watu wamekuwa wakiniuliza kama bado nimo humo.

Kwa ambaye safu yangu katika gazeti la Jumamosi iliyopita ilimpita, mimi ni Zaven Chakmakian, prodyuza wa filamu hapa Los Angeles, yule aliyewaletea Mamba wa Mfereji, kisha mamba wa pili, wa tatu, mpaka wa saba. Mamba hao walinipa nyumba yenye bwawa la kuogelea, wake wawili kwa zamu, na meza ya dirishani katika mgahawa ambao watu wengine huishia mlangoni. Wa saba akanipokonya meza. Siku alipooneshwa kwa mara ya kwanza nilijifungia chooni, nikawasikia wageni wangu mwenyewe wakinicheka huku wakinawa mikono. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Kip Lassiter, mkuu wa studio, mtu ambaye akiniona huniita ndugu.

Wazo la filamu hii lilinijia humo humo, nimekaa juu ya kifuniko, nimekunja miguu ili viatu vyangu visitambulike. Niliapa sitatengeneza mamba tena. Nitatengeneza filamu ya kuwaliza watu. Na kwa kuwa sikuwa na huzuni yangu iliyofaa kuuzwa, nikaazima ya baba.

Baba yangu, Hovsep, analima zabibu Fowler, kusini kidogo ya Fresno. Si za mvinyo, ni za kukausha. Zikiiva huchumwa na kutandazwa juu ya karatasi katikati ya mistari ya mizabibu, zikalala juani mpaka zikunjamane. Majuma hayo watu wa Fowler hawatazamani usoni, wanatazama mawingu. Mvua moja tu ya Septemba, na kazi ya mwaka mzima inageuka uji.

Nilimsimulia Lassiter hayo yote ofisini kwake: Muarmenia mkaidi, shamba, mvua, mtoto wa kiume anayekimbilia mjini kutengeneza filamu. Alinisikiliza huku akikagua kucha zake. Nilipomaliza alisema hadithi ni nzuri, ila mzee mwenye afya njema hajawahi kumliza mtu.

"Afe," akasema.

Nikamuuliza afe lini.

"Mwishoni. Mvua inanyesha, anakimbilia zabibu zake, moyo unagoma. Mtoto anafika amechelewa. Ndugu yangu, hata mimi hapa machozi yananilenga."

Hayakuwa yanamlenga. Lakini alikubali filamu itengenezwe, na alinieleza kwa upole kwamba hii ikianguka kama ile ya saba, nisihangaike kurudi pale ofisini.

Nilikwenda nyumbani nikamuua baba yangu kabla ya chakula cha mchana. Ilikuwa rahisi kiasi cha kunitia wasiwasi. Kilichonisumbua ni maneno ya mtoto akiwa amepiga magoti mbele ya maiti. Hayo niliyaandika nikayafuta, nikayaandika tena nikayafuta tena. Yalipokubali kukaa, niliyapeleka yakachapwe bila kuyasoma, kama mtu anayetupa kaa la moto.

Tulipata shamba la mizabibu karibu na Santa Clarita, tukaanza kazi. Nafasi ya baba nilimpa Dorian Whitlock, ambaye amepigana miereka na mamba wangu wote saba. Dorian hana mzaha na sanaa yake. Alifuga masharubu, akaacha nyama, akaanza kuongea na kila mtu, hata na mke wake, kwa lafudhi aliyosema ni ya Kiarmenia. Mimi nimezaliwa na Waarmenia, na lafudhi ile sijawahi kuisikia popote. Ilikuwa kama ya Mrusi anayeumwa jino.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Lenore Fishbach, mwanasheria wa studio, aliponifuata kwenye gari la chakula na mkate wake mkononi.

"Zav, marehemu aliacha mke?"

"Marehemu yupi?"

"Baba yako."

"Baba hajafa."

Lenore akaacha kutafuna. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia dada yangu Shakeh anaishi naye, na kama angekufa nadhani ningepigiwa simu.

Akanieleza, polepole kama unavyomweleza mtoto hatari ya umeme, kwamba maiti haiendi mahakamani lakini mtu aliye hai anakwenda. Nimetumia jina lake, shamba lake, pikapu yake na moyo wake. Asipokubali mwenyewe na kutia sahihi, tukio la kifo halipigwi picha, na yeye Lenore ndiye atakayezima kamera. Nikauliza kama dada anaweza kukubali kwa niaba yake. Hawezi. Nikauliza kama tunaweza kubadilisha jina. Akanyoosha kidole kwenye bango tulilokwisha kulitundika barabarani, lenye herufi kubwa kuliko gari: HADITHI YA KWELI.

"Si umpigie tu simu," akasema. "Ni baba yako."

Ndipo ilipobidi nimweleze.

Mamba wa kwanza alipooneshwa, baba alikuja mjini na mama. Alivaa suti yake ya mazishi kwa sababu ndiyo suti aliyonayo. Katikati ya filamu aliinuka akatoka. Nje mwandishi mmoja wa habari akamuuliza ameionaje kazi ya mwanawe, naye akajibu kwamba katika maisha yake ameona wadudu wengi shambani, lakini hajaona mnyama mjinga kama yule mamba. Wakaichapa. Nilikasirika. Naye akakasirika kwamba nimekasirika. Mama alipita katikati yetu kwa simu, huku akipeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma, mpaka alipofariki. Kwenye mazishi yake tulisimama pande mbili za jeneza, na tulipomaliza kila mmoja akaingia gari lake. Tangu hapo ni kimya.

Lenore alinitazama. Akasema, "Basi usipige simu. Nenda."

Nilikusudia kwenda peke yangu. Lakini Dorian alipata habari, akaja kunisubiri kwenye gari na kofia yake ya Hovsep kichwani. Alisema dhamiri yake haimruhusu kufa kifo cha mtu asiyemjua. Nikamwambia kwa sharti moja, aiache ile lafudhi nyumbani. Akasema hawezi kuiacha, imeshaingia damuni.

Tulipovuka milima na kushuka bondeni, joto likatupokea. Tukapita Selma, mji wa mwisho kabla ya Fowler. Fowler ilikuwa vile vile. Zabibu zilikuwa chini kwenye karatasi zake, mistari na mistari, na upande wa magharibi palikuwa na wingu moja limekaa vibaya.

Baba alikuwa shambani na wafanyakazi wake, wameinama, wanaviringisha karatasi zenye zabibu ndani ili mvua isizikute wazi. Alikuwa amepungua kimo. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima. Alinitazama, akamtazama Dorian, akatazama wingu.

"Mstari huu," akaniambia. "Na huyu mwenye masharubu, ule pale."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya baba yangu kwangu baada ya miaka tisa.

Tukaviringisha. Dorian aliviringisha kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo, anaimba. Mimi, niliyezaliwa kwa kazi hiyo kweli, mgongo ulinikamata nikiwa sijafika nusu ya mstari. Ilibidi nitambae. Baba alipita karibu yangu mara kadhaa na kila mara aliziviringisha upya zile nilizoviringisha, bila kusema neno, jambo lililoniuma kuliko kutukanwa.

Wingu lenyewe likapita. Halikutoa hata tone.

Shakeh alituandalia chakula kibarazani: dolma za majani ya mzabibu, jibini, mkate mwembamba wa lavash. Alinikumbatia, akaninong'oneza nisianze ugomvi kabla ya kahawa. Nikaketi, nikaanza kuzungusha maneno. Nikamuuliza baba kuhusu bei za mwaka huu. Nikauliza kuhusu goti lake. Nikasifu maji ya kisima. Baba alikuwa anajibu kwa kichwa. Kila nikilikaribia jambo lenyewe, niliomba mkate.

Dorian akaona nateseka, akaamua kunisaidia.

"Mzee Hovsep," akasema kwa lafudhi yake, "nataka ujue ni heshima kubwa kwangu kufa kama wewe."

Shakeh akaweka birika chini.

Baba aliendelea kutafuna. Akameza. Akaniuliza mimi, si Dorian, "Anasema nini huyu Mrusi?"

Sikuwa na pa kutorokea. Nikamweleza. Kwamba kuna filamu. Kwamba ni yake. Kwamba mwishoni, kwa sababu za kisanii, yeye hayupo tena. Nilitumia maneno hayo, "hayupo tena," na Shakeh akaniuliza kama namaanisha amehamia Sacramento.

"Anakufa," nikasema.

Nilingoja baba anifukuze. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta funguo mfukoni.

"Ninakufaje?" baba akauliza.

"Moyo. Shambani. Kuna mvua."

"Niko peke yangu?"

"Mwanao anakuja. Ila anafika amechelewa."

"Hapo umesema kweli," akasema, akajimiminia kahawa.

Shakeh aliangua kicheko mpaka akashika meza. Dorian alitoa kalamu akaandika jambo mkononi. Mimi nilitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole na bosi wake.

Kisha baba akaanza maswali. Akauliza nani anaigiza mama. Nikamtajia mwigizaji huyo. Akauliza kama ni mzuri. Nikasema ni mzuri sana. Akasema basi bado hajafika alipokuwa Araksi, mama yangu, lakini siyo mbaya. Akauliza yeye mwenyewe anavaa suti gani kwenye jeneza. Nikatoa karatasi za Lenore na kumwomba atie sahihi. Akazisukuma kando kwa kijiko.

"Siwezi kukubali kifo ambacho sijakiona," akasema. "Zabibu zimeshaviringishwa. Nitakuja nikione."

Hivyo ndivyo nilivyorudi Los Angeles nimekaa kiti cha nyuma cha gari langu mwenyewe, kwa sababu baba hapendi kukaa nyuma, na Dorian ndiye aliyeshika usukani.

Mnaonifuata tangu mwanzo mtadhani mzee wa shamba alifika kwenye kamera akashangaa shangaa, akatuonea aibu, akataka kurudi kwake. Nami nilidhani hivyo. Kumbe baba alikuwa amengoja siku hiyo maisha yake yote bila mtu kumwambia.

Alifika asubuhi na suti ya mazishi. Adhuhuri alikuwa amevaa miwani ya jua ya Dorian. Alikalia kiti chenye jina langu mgongoni, na nilipomwambia kwa utani kwamba hicho ni changu, akasema jina la mwisho ni lake. Dada wa vipodozi akampaka poda kidogo puani ili asing'ae, ingawa hakuna kamera iliyokuwa inamwelekea. Alimwita mwongozaji wetu, Philippa Brandvold, mwanamke asiyeongea na mtu akiwa kazini, akamweleza kwamba kifo chake ni kifupi mno.

"Nimeishi miaka themanini na nne," akamwambia. "Halafu nianguke tu, pu, basi?"

Philippa, ambaye mimi alinijibu neno moja wiki nzima, akachuchumaa mbele ya kiti na kumwuliza angependa aanguke vipi. Wakaongea saa nzima. Kifo kikarefushwa.

Lassiter naye alikuja siku hiyo, kwa sababu hakosi vifo. Nilimwona amekaa na baba chini ya mwavuli, wanalinganisha dawa za presha, wanacheka. Nilipopita nikasikia baba akimwambia kwamba kosa la mamba wa tatu ni kukosa mke, mnyama akiwa peke yake watu hawamhurumii. Lassiter alikuwa anaitikia kwa kichwa kama yuko kanisani.

Nikasimama.

"Baba, wewe uliona ya tatu?"

"Shakeh huniwekea."

"Umeziona zote?"

"Ya saba sikumaliza."

"Hakuna aliyeimaliza, baba."

Aliinua miwani akanitazama, na mdomo wake ukacheza kidogo upande mmoja. Nilitaka kumuuliza kwa nini basi siku ile aliinuka akatoka. Lakini Lassiter alikuwa hapo, na Lenore alikuwa anakuja na karatasi zake na kalamu, na mimi ni mtu ambaye nikipata nafasi ya kusema jambo la maana, hukumbuka kwamba nina simu ya kupiga. Nikaenda kupiga simu. Sikuwa na mtu wa kumpigia. Niliongea na mashine ya benki inayotaja saa.

Lenore alinifuata akaniambia mzee bado hajatia sahihi, anasema mpaka aone. Akanikumbusha kwamba mwisho wa utani umefika: tuko tayari kupiga kifo chenyewe, na bila sahihi anazima kila kitu. Nikamwambia tufanye majaribio tu bila kamera, mzee aone, akiridhika atie sahihi, ndipo tupige. Akakubali, akasimama karibu na nyaya.

Watu wa mvua wakafungua mabomba yao juu ya mizabibu. Dorian akaja anakimbia, akashika kifua, akaanza kuanguka kwa ile namna mpya, ndefu. Alizunguka. Alishika mti wa kwanza, akauacha, akashika wa pili. Aliinua mkono mbinguni. Halafu akateleza kwenye tope, na mlio uliotoka haukuwa wa sanaa.

Ulikuwa mgongo. Walimbeba kwenye machela, naye njia nzima alikuwa analia kwa Kiingereza chake cha kawaida cha Ohio. Lafudhi ilikuwa imetoka damuni mara moja.

Mabomba yakafungwa. Wote wakanigeukia. Hizi ndizo nyakati ambazo prodyuza hulipwa kwa ajili yake, na mimi nilikuwa nimesimama mdomo wazi nikiwaza kama meza yangu ya dirishani imeshapewa mtu mwingine. Philippa akasema angalau tumalize majaribio ya taa na maneno ya mtoto, anahitaji mwili tu pale chini, mwili wowote.

"Mimi nipo," baba akasema.

Nilikataa. Nikamwambia kuna tope, kuna maji, yeye ni mtu mzima. Akanijibu kwamba amekaa kwenye tope tangu kabla sijazaliwa, na kwamba kama kuna mtu mwenye haki ya kulala pale ni yeye. Akavua koti la suti, akalikunja, akampa Lassiter alishike. Lassiter akalishika kwa mikono miwili.

Akalala. Alijipanga vizuri, mkono mmoja juu ya karatasi za zabibu, akafumba macho. Mvua ikafunguliwa, kidogo tu. Na Tobias Renquist, kijana anayeniigiza mimi, mrefu, nywele za dhahabu, pua nusu ya yangu, akaja mbio katikati ya mizabibu, akapiga magoti.

Mimi nikaanza kurudi nyuma. Nilikuwa nimesahau. Nawaapia, katika zile shughuli zote za sahihi na taa na machela, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kuna maneno, na kwamba baba atayasikia.

"Baba," Tobias akasema, "nilikuwa nakuja. Kila mwaka zabibu zikianikwa nilikuwa nakuja. Nilifika mpaka kituo cha mafuta cha Selma, nikanunua kahawa, nikageuza gari."

Nilijificha nyuma ya gari la chakula. Mpishi akaniuliza kama nataka kitunguu.

Tobias ni mwigizaji mzuri, simlaumu. Aliyasema yote. Yale ya kwamba nilitengeneza mamba saba kwa sababu sikujua hadithi nyingine, na niliyoijua nilikuwa naogopa kuiharibu. Yale ya kwamba kila nikipata tuzo nilitafuta safu ya nyuma, kuangalia kama kuna mtu amevaa suti ya mazishi. Yale ya mama, ambayo hapa siyarudii. Nilisikia dada wa vipodozi akipenga kamasi. Mitambo ya mvua ilikuwa inanguruma, na bado niliyasikia yote, kwa sauti ya kijana kutoka Minnesota.

Akamaliza.

Kisha nikasikia sauti ya baba, kutoka pale chini.

"Nani ameandika haya?"

Tobias akasema, kwa heshima, "Bwana Zaven, mzee."

"Yuko wapi?"

Wale wafanyakazi themanini, ambao nawalisha na kuwalea, ambao wake zao nawajua kwa majina, wote kwa pamoja wakanyoosha vidole kwenye gari la chakula.

Nilitoka. Nilikuwa bado nimeshika kitunguu.

Baba hakuwa ameinuka. Alikuwa amefungua jicho moja, maji yanamtiririka usoni. Lenore alikuwa ameshafika karibu yake na karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni. Baba hakuziangalia.

"Huyu kijana analia vizuri," akasema. "Mwambieni ahsante. Lakini si wangu. Nataka wangu aje aseme mwenyewe. Akisema, nitatia sahihi hapo mnapotaka, na Mrusi akipona anaweza kunifia mara mia."

Nikamwambia mimi si mwigizaji. Nikamwambia miaka yote hii sijawahi kusimama mbele ya kamera, nina umri wa miaka hamsini na minane, filamu inasema mtoto ana thelathini. Nikamwambia tutaongea nyumbani, mimi na yeye, kwa utulivu, kwa kahawa.

"Nyumbani hufiki," akasema. "Unaishia Selma."

Nilimtazama Lassiter aniokoe. Lassiter alikuwa amelikumbatia koti la baba kifuani, na safari hii machozi yalikuwa yanamtoka kweli, yule nyoka. Nilimtazama Lenore. Lenore akanipokea kitunguu mkononi.

Tobias alivua shati lake lililolowa akanivika. Halikufika kwenye vifungo. Tumbo langu lilikaa nje kama mgeni asiyekaribishwa. Nikakanyaga tope na viatu vyangu vya Italia, nikapiga magoti, na goti langu likalia kwa sauti ambayo nina hakika hata mpishi aliisikia.

Mvua ikafunguliwa. Pembeni ya jicho nikaona taa nyekundu ndogo ikiwaka juu ya kamera. Tulikubaliana majaribio, bila kamera. Niligeuka kumwambia Philippa, naye alikuwa ameinamisha kichwa kwenye kioo chake cha kutazamia picha, anajifanya hanioni.

Nikamgeukia baba. Alikuwa amefumba macho yote mawili. Uso wake ulikuwa umetulia, na poda ile ya puani ilikuwa inashuka pole pole shavuni. Nikatafuta mstari wa kwanza. Niliuandika mwenyewe, niliufuta mara ngapi sijui, na haukuwepo. Hata wa pili haukuwepo. Kichwani palikuwa na mamba tu.

"Haya, sema," baba akanong'ona bila kufumbua macho. "Mimi nimeshakufa. Siwezi kukukatiza."

Nikafungua mdomo. Kilichotoka hakikuwa kwenye skripti, wala sikuwa nimewahi kukisema mbele ya mtu yeyote, si mama, si wake zangu wawili, si padri. Kabla sijafika katikati yake, mkono wa maiti ukanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu. Baba akakaa kitako ndani ya tope, akanitazama kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza.

"Rudia hilo," akasema.